KABLA HUJAUZIWA PAMPU AU TABO, TAFUTA HEWA KWANZA

Leo naweka pembeni habari za halmashauri na bei ya mahindi, naleta mada ya magari. Walengwa ni wale madereva walioendesha gari za watu miaka kumi au kumi na tano, wakadunduliza, wengine wakauza na kiwanja, na sasa wamenunua Fuso au Scania iliyotumika ili na wao wawe matajiri wa gari lao wenyewe. Hapa kando ya barabara ya Arusha–Moshi mko wengi, na kila wiki kuna mmoja kabini imelala mbele, mafundi watatu wameinamia injini, yeye amesimama pembeni anahesabu hela kichwani.

Ulipokuwa dereva wa mtu, gari likikosa nguvu ulikuwa unapiga simu tu: "Bosi, gari halivuti." Fundi analetwa, bili siyo yako. Sasa bosi ni wewe, mkopo ni wako, na mzigo wa mtu uko juu unaoza. Na gari likigoma mlima kwa mara ya kwanza utaambiwa moja kati ya mambo matatu: pampu imekufa, tabo imekufa, au injini imechoka inataka ovahoo. Kila moja inaweza kuwa kweli. Tatizo ni kwamba dalili za hayo matatu zinafanana sana na dalili za mpira uliopasuka, klipu iliyolegea au washa ya shaba iliyochoka. Pampu inaweza kula faida ya miezi kadhaa. Klipu ni bei ya chakula cha mchana. Ndiyo maana nasema hewa itafutwe kwanza, halafu ndiyo tuongee habari ya pampu.

HEWA IPI HASA?

Neno hewa kwenye gereji zetu linabeba mambo mengi, na hapo ndipo watu wanapopotezana. Fundi akisema "gari inavuta hewa" mara nyingi ana maana hewa imeingia kwenye mfumo wa dizeli. Lakini kuna hewa nyingine, ile injini inayopumua. Hiyo inaweza kuvuja kabla ya tabo, ambapo injini inavuta hewa chafu kutoka nje, au baada ya tabo, ambapo hewa iliyoshindiliwa inatoroka kwenda nje. Halafu kuna moshi unaotoroka kwenye manifodi ya ekzosi kabla haujafika kuzungusha tabo. Na kuna upepo wa breki, ambao ni habari nyingine kabisa, nitaugusa kidogo tu chini huko.

Ukimwambia fundi "gari ina hewa" bila kusema hewa ipi, atashika anayoijua yeye. Kwa hiyo siku ya kwanza na gari lako, fuata mabomba kwa mkono. Anza kwenye tenki la dizeli, fuata mpaka kwenye nozeli. Kisha anza kwenye ea klina, fuata mpaka tabo, toka tabo mpaka intakula pale mbele ya rejeta, rudi mpaka kwenye injini. Ukifanya hivyo mara mbili hutadanganywa kirahisi.

KWANZA, JE, NI HEWA KWELI AU NI MLIMA?

Hili watu wa kutoka Dar wanalishangaa sana. Gari limekuja vizuri toka pwani, likifika huku linakuwa zito, na barabara machoni ni tambarare. Siyo tambarare. Uwanja wa ndege wa KIA uko kama mita 890 juu ya usawa wa bahari, na Arusha mjini ni kama mita 1,400. Kwenye karibu kilomita 50 tu, ukipita hapa kwetu, Maji ya Chai, Usa River na Tengeru, unapanda mita 500 bila kuona mlima. Na hewa yenyewe inapungua uzito kadiri unavyopanda. Arusha mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa Dar. Injini isiyo na tabo inakosa karibu sehemu hiyo hiyo ya nguvu zake, na hakuna fundi wa kuirudisha. Injini yenye tabo inafidia sehemu kubwa, na ndiyo maana tabo ikivujisha hewa unalisikia tatizo huku kuliko ambavyo ungelisikia Tanga.

Kwa hiyo linganisha gari lako na lenyewe, kwenye mlima ule ule, na mzigo unaofanana. Kama juzi ulipandisha vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Karatu kwa gia ya nne na leo mzigo ule ule unadai ya tatu, kuna kitu. Kama tangu ulinunue liko hivyo hivyo, usikimbilie kusema linavuja.

HEWA KWENYE DIZELI

Dalili zake ziko wazi. Asubuhi gari linasumbua kuwaka, unapiga stata mpaka betri inalia. Likiwaka linakohoa, resi inapanda na kushuka yenyewe kama mtu anachezea mafuta. Njiani linakata nguvu ghafla halafu linarudi. Na ile dalili ya uhakika kuliko zote: ukipampu pampu ya mkono kidogo linawaka, ukililaza tena usiku, asubuhi ni yale yale. Maana yake dizeli inarudi kwenye tenki usiku kwa sababu kuna mahali hewa inaingia.

Hapa kuna jambo ambalo wageni wengi wa kazi hii hawalijui, na limewagharimu. Bomba la kuanzia kwenye tenki mpaka pampu ndogo ya kuvutia dizeli ni bomba la kuvuta. Likiwa na tundu, injini ikiwaka halidondoshi dizeli chini, linavuta hewa ndani. Unaweza kulala chini ya gari na tochi saa nzima ukitafuta tone la mafuta na usilione, ukasema hapavuji, kumbe ndipo panapovuta. Baada ya pampu hiyo mambo yanageuka: kule kuna msukumo, kukiwa na tundu utaona unyevu au tone. Kwa hiyo upande mkavu ndio wa kushukiwa zaidi.

Namna ya kuipata ni rahisi, na vifaa ni mpira mweupe wa kuonyesha ndani na dumu safi. Funga kipande cha mpira huo kabla ya pampu ya dizeli, baada ya filta, uwashe gari na uangalie. Mapovu machache mwanzoni tu baada ya kufungua ni kawaida. Mapovu yanayoendelea dakika tano, kumi, siyo kawaida, hewa inatoka nyuma huko. Hapo chukua dumu lenye dizeli safi, liweke juu kidogo, ondoa bomba la tenki, uvute kutoka kwenye dumu moja kwa moja. Gari likitulia, pampu yako ni nzima na nozeli zako ni nzima, ugonjwa uko kati ya tenki na pale ulipokata. Likiendelea na mapovu, ugonjwa uko mbele ya pale. Sogeza kipande kwa kipande, kila mara unagawa nusu kwa nusu, utafika.

Mahali pa kuangalia kwanza, kwa uzoefu wa gereji za huku: washa za shaba kwenye bolti zenye tundu, maana watu wanazirudishia zile zile zilizokwisha kubonyezwa mara kumi. Ring'i ya mpira ya filta iliyokaa vibaya au filta mpya isiyo saizi. Chujio la maji lenye kikombe kilichopata ufa. Pampu ya mkono yenyewe, ambayo kipira chake cha ndani kikichoka inavuta hewa pale pale. Mipira iliyokauka karibu na klipu. Na bomba la ndani ya tenki. Hili la mwisho lina alama yake: gari ni zima tenki likijaa, linaanza kusumbua likifika nusu. Ukisikia hivyo usiguse kitu kingine, fungua juu ya tenki.

Kuna kinyume chake pia. Tundu la kupumulia la mfuniko wa tenki likiziba na matope, tenki linajivuta lenyewe, dizeli inakataa kuja, gari linazima baada ya saa moja ya safari. Fungua mfuniko. Ukisikia "fwaaa" hewa inaingia na gari linawaka baada ya hapo, umeshapata. Kuna watu wamefunguliwa pampu kwa ajili ya tundu dogo la mfuniko.

Tahadhari moja ambayo siyo ya mchezo. Kwenye injini za pampu za zamani fundi analegeza nati za nozeli wakati stata inazunguka ili hewa itoke. Hilo linafanyika. Kwenye gari jipya la komoni reli USIFANYE. Mle ndani msukumo unaweza kupita baa 1,600, wakati tairi la lori lina kama baa 8 tu. Dizeli ikitoka kwenye ufa mwembamba kwa nguvu hiyo inapenya ngozi kama sindano, na jeraha linaloonekana dogo linaweza kuishia kukatwa kidole au mkono. Usipitishe mkono kutafuta uvujaji kule. Na aliyepigwa apelekwe hospitali muda huo huo, hata kama haumii sana.

KABLA YA TABO: UVUJAJI USIO NA KELELE

Naomba nikae hapa muda mrefu kidogo, maana ndiyo sababu hasa ya kuandika haya nikiwa Kikatiti na siyo kwingine.

Kati ya ea klina na tabo kuna mpira mkubwa. Ukipata ufa mdogo pale, gari halipotezi nguvu. Halipigi mluzi wa kusikika kwenye barabara. Halitoi moshi. Linakwenda vizuri kabisa, pengine vizuri kuliko jana, maana linapata hewa kirahisi bila kupita kwenye filta. Wewe unafurahi, na injini inasagwa.

Piga hesabu na mimi. Lita moja ya dizeli ili iungue yote inahitaji hewa isiyopungua lita 10,000 hivi, na injini ya dizeli inavuta zaidi ya hapo. Gari linalokula lita 30 kwa saa likipanda na mzigo linameza zaidi ya lita 300,000 za hewa ndani ya saa hiyo. Sasa angalia hewa yenyewe ya kwetu kiangazi. Ukikata lami kupanda Sakila, au ukishuka kwenye mashamba ya tambarare kuchukua mahindi na nyanya, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Na vumbi letu lina asili yake. Udongo huu ni majivu ya Mlima Meru, volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Majivu ya volkano yana chembe ngumu zenye asili ya kioo. Ni laini kushika, lakini kwenye silinda ni msasa.

Kinachofuata ni ringi na silinda kulika. Injini inaanza kupumua: ukifungua mfuniko wa oili ikiwa imewaka, upepo unakupiga usoni, dipstiki inataka kuruka. Inakula oili. Oili inakuwa nyeusi haraka. Panga za tabo za upande wa kuvuta zinalika ncha. Hapo ovahoo ni ya kweli, na ilianzia kwenye mpira.

Kuigundua hakuhitaji mashine. Zima gari, fungua mpira upande wa baada ya ea klina, pitisha kitambaa cheupe kisafi ndani ya bomba. Lazima kitoke kisafi. Kikitoka na vumbi, basi vumbi linapita, iwe kwenye filta au kwenye kiungo. Angalia ndani kwa tochi ya simu: mara nyingi vumbi linachora mstari kama mkia unaoanzia pale pale linapoingilia. Fuata mkia. Kama mstari unaanzia kwenye mdomo wa filta, basi filta haikai vizuri, mpira wake wa kuzibia umekufa au umeuziwa filta ya gari lingine. Kama unaanzia kwenye mpira, upinde mpira kwa mikono miwili, hasa upande wa chini ambao hauonekani, ufa utafunguka.

Usisahau mpira mdogo unaokwenda kwenye kompresa ya upepo wa breki. Magari mengi kompresa inachukua hewa yake kwenye bomba hilo hilo lililokwisha chujwa. Kimpira hicho kikipasuka, vumbi linaingia kwa kompresa na kwa injini yote mawili, na hakuna anayekiangalia kwa sababu watu wanakiona ni mambo ya breki.

Na hii tabia ya kupiga filta kwenye tairi ili vumbi litoke, jamani tuiache. Karatasi inapasuka na ile bati inapinda, haizibi tena. Hata kuipuliza kwa kompresa ya fundi pancha kwa upepo wote inaitoboa. Ukilazimika kuipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa mbali, upepo usizidi PSI 30. Kisha weka tochi ndani yake gizani: ukiona nukta ya mwanga inapenya wazi, hiyo filta imetoboka, tupa.

BAADA YA TABO: HUYU ANAPIGA KELELE

Kuanzia tabo kupita intakula mpaka kwenye injini, hewa imeshindiliwa. Kwenye malori mengi ni baa moja mpaka mbili juu ya hewa ya kawaida wakati wa mzigo. Ufa ukitokea hapa, hewa inatoroka nje. Injini inapewa dizeli ya kazi kubwa lakini hewa haitoshi, dizeli haiungui yote, inatoka moshi mweusi. Nguvu zinapungua, dizeli inaliwa zaidi, joto la moshi linapanda. Na kuna sauti: mluzi au "shhhh" inayokuja ukikanyaga mafuta kwenye mlima na kupotea ukiachia.

Ila msidanganyike kwamba bila moshi mweusi hakuna uvujaji. Injini nyingi za tabo zenye pampu ya zamani zina kibomba chembamba kutoka kwenye manifodi ya hewa kwenda kwenye pampu. Kazi yake ni kuiambia pampu tabo imeshindilia kiasi gani, ili iongeze dizeli. Kibomba hicho kikikatika au kikiziba na masizi, pampu inadhani hakuna tabo kabisa, inanyima dizeli. Gari linakuwa zito kama mzee, na moshi ni msafi. Ni hapo fundi anaposema "pampu imekufa." Pampu haijafa, haijaambiwa kitu. Jamaa mmoja wa huku nilimkuta ameshaanza kutafuta pampu ya mkononi, kumbe ni kibomba kisichozidi unene wa kidole kidogo, kimekatika nyuma kabisa ambapo mkono unaingia kwa shida. Magari mapya yenye kompyuta yanafanya hivyo hivyo kwa njia ya sensa: kompyuta ikiona hewa ni pungufu inapunguza nguvu, taa inawaka kwenye dashibodi.

Kutafuta anza na macho. Mabomba ya tabo huwa na utando mwembamba wa oili kwa ndani, hiyo ni kawaida. Hewa ikitoroka inatoka na oili hiyo, na vumbi linaishika. Kwa hiyo doa jeusi lenye unyevu na vumbi kwenye kiungo kimoja wakati viungo vingine ni vikavu, ndilo jibu lako mara nyingi. Kisha shika kila mpira, minya, pinda. Angalia mahali mpira unapogusana na chasi au mkanda, unasuguliwa taratibu mpaka unatoboka. Angalia mabano ya intakula na kona zake, maana gari la njia za makorongo intakula inapasuka kwenye mshono.

Macho yakishindwa, tumia upepo. Kwa gari lililozimwa na kupoa, toa mpira pale unapotoka kwenye tabo, ziba mdomo wa mpira huo kwa kizibo kigumu cha bomba ulichokifunga kwa klipu, kizibo hicho kiwe kimetobolewa na kufungwa vavu ya tairi. Mafundi pancha wanakitengeneza dakika chache. Jaza upepo taratibu mpaka PSI 15, isizidi 20, halafu paka povu la sabuni ya unga kila kiungo. Mapovu yanayokua ndiyo tundu. Geji itashuka polepole hata kama mabomba ni mazima, kwa sababu baadhi ya vavu za injini ziko wazi na hewa inapitia kwenye silinda. Hiyo isikutishe, sikiliza tu inatokea wapi. Kizibo kikichomoka kinaruka kama jiwe la manati, kwa hiyo usisimame mbele yake, na usijaribu kwa upepo wa moja kwa moja kutoka tenki la breki bila kupunguza. Huo ni kama PSI 120.

Kitu kingine. Mtu asiwashe gari huku bomba la kuingiza hewa kwenye tabo liko wazi "ili tusikie." Tabo ya lori inaweza kuzunguka mara 100,000 kwa dakika. Itameza kitambaa, nati, au ncha ya kidole chako bila kuhisi.

Ukipasukiwa porini, tyubu ya zamani ya tairi iliyokatwa mkanda, ikazungushwa kwa kuvutwa sana juu ya mpira mkavu uliofutwa oili, na kufungwa klipu mbili au waya, itakufikisha. Endesha kwa mafuta kidogo, gia ndogo. Usifanye hivyo kwenye bomba la dizeli. Na klipu ukizifunga, zifunge za kutosha tu, maana zile nyembamba zenye meno ukizikaza kwa hasira zinakata mpira, wiki mbili baadaye uko pale pale.

EKZOSI

Hii ni fupi. Tabo inazungushwa na moshi. Moshi ukitoroka kwenye gasketi ya manifodi au kwenye ufa wa manifodi yenyewe, tabo inazunguka kidogo, hewa haitoshi, na unarudi kwenye moshi mweusi na uzito ule ule. Alama ni masizi meusi yaliyopulizwa kwenye kiungo, na sauti ya "tak tak tak" asubuhi gari likiwa la baridi, ambayo inapungua likipata moto kwa sababu chuma kinatanuka na kuziba. Watu wengi wanaidhani ni tapeti. Kama moshi huo unaingia kabini na mna tabia ya kulala huku injini inanguruma kwa ajili ya baridi au simu, acheni kabisa. Gesi ya sumu iliyomo haina harufu na haiamshi mtu.

UPEPO WA BREKI

Huu hauhusiani na nguvu za injini, lakini wageni wanachanganya kwa sababu kompresa iko pale pale. Jaza upepo mpaka geji isimame, zima injini, achia hendibreki gari likiwa limewekewa mawe, subiri dakika moja. Kipimo kinachotumika Marekani ni kwamba gari lisilo na tela lisipungue zaidi ya PSI 2 kwa dakika, lenye tela lisizidi PSI 3. Likizidi hapo sabuni itakuonyesha. Hili usilisogeze wiki ijayo.

KUONGEA NA FUNDI

Mafundi wetu wengi wana ujuzi mkubwa, na wengi ni wazee wanaostahili heshima. Ukija na maneno ya "nimesoma kwenye simu" umeharibu. Niliwahi kumsikia dereva mmoja akilimaliza vizuri sana. Alisema, "Shikamoo mzee. Naomba kabla hatujagusa pampu tuweke ule mpira wa kuonyesha na dumu, nitalipa hiyo kazi peke yake." Mzee akamuuliza, "Unanifundisha kazi, mwanangu?" Akajibu, "Hapana mzee, hela yangu inatosha kukosea mara moja tu." Mzee akacheka, akaagiza dumu.

Hapo kuna siri moja: ulipie upimaji kama kazi kamili. Fundi analipwa kwa kubadilisha vitu, siyo kwa kutafuta. Kama saa mbili za kutafuta hewa hazina malipo, usishangae akienda moja kwa moja kwenye pampu. Na kitu chochote kikibadilishwa, kile cha zamani kirudi mkononi kwako.

Pia uwe na daftari. Siku uliyobadilisha filta, siku uliyoona moshi, mlima gani, gia gani, tenki lilikuwa na dizeli kiasi gani. Fundi mzuri akipata daftari hilo anaokoa nusu siku.

Ndani ya kabini weka boksi moja: mita moja ya mpira wa kuonyesha wa saizi ya bomba lako la dizeli, washa mpya za shaba za kila saizi iliyopo kwenye gari, klipu kubwa nne na ndogo sita, kizibo chako chenye vavu ya tairi, geji ya tairi, pakiti ya sabuni ya unga, chupa ya maji yenye tundu kwenye mfuniko, tyubu chakavu, vitambaa vyeupe vilivyofungwa kwenye mfuko ili visishike vumbi, na filta moja ya dizeli ambayo umeshaijaribu kuwa inakaa. Dumu safi la lita tano lifungwe nyuma ya kiti, liandikwe DIZELI TU, ili tandiboi asije akalichotea maji ya rejeta.